Mkono Unaozuia Sahani

Watu wengi huamini kwamba ugali ni chakula cha mkono mmoja. Imani hiyo ina kasoro. Mlaji anapomega tonge, vidole vyake huisukuma sahani, na mkono wa pili, ambao hakuna anayeutazama, huizuia isiteleze. Kwa mtu aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya kiharusi, mkono huo haupo tena kazini. Sahani hukimbia, mchuzi humwagika, na mtu mzima aliyelea familia huanza kulishwa kwa kijiko kama mtoto.

Jambo hili si geni mkoani Morogoro. Mwaka 2000 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vifo uliofanywa katika miaka ya 1990 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Miongoni mwa wanaume wa umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua watu 35 kwa mwaka katika kila 100,000 huko Morogoro Vijijini. Uingereza na Wales, mwaka 1993, idadi ilikuwa 11 hivi. Yafaa ikumbukwe kuwa hiyo ni hesabu ya waliokufa. Waliosalia hai, wakarudi nyumbani na mkono mmoja, hawamo.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayotawala viungo vya kuume. Hivyo aliyedhurika upande huo hupooza mkono wa kulia, ambao Kiswahili chenyewe kimeupa jina la kazi yake mezani. Hapo ugonjwa hugongana na adabu. Mzee aliyewakanya watoto miaka mingi wasile kwa mkono wa kushoto hawezi kuanza kuutumia mbele yao pasipo aibu, na wengine huona afadhali kula peke yao chumbani. Ruhusa haina budi kutolewa waziwazi na wakubwa wa nyumba, watoto wakisikia.

Ikiwa nusu ya kuume ya ubongo ndiyo iliyoumia, huweza kuzuka jambo la ajabu zaidi. Mgonjwa hula nusu ya sahani, akaacha chakula chote cha upande wa kushoto, na kusema amemaliza. Jamaa hudhani hana hamu ya kula. Sahani ikizungushwa, huendelea kula. Macho yake ni mazima. Ubongo ndio usioujali upande ule. Kwa upande mwingine, anayepaliwa mara kwa mara, hata kwa maji, asihimizwe kula mpaka aonwe na daktari, kwani chakula kinachoingia mapafuni huweza kuua.

Tatizo la sahani inayokimbia, hata hivyo, si la daktari peke yake. Ni la fizikia, na shule za sekondari za mjini Morogoro zina uwezo wa kulishughulikia. Somo la msuguano hufundishwa kwa kukokota kipande cha mbao kwa mizani ya springi. Kwa nini isikokotwe sahani? Wanafunzi wapime kani inayohitajika kuisogeza juu ya meza tupu, juu ya kitambaa kibichi, na juu ya kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Watakachogundua chaweza kupelekwa nyumbani jioni ileile. Bakuli lenye ukingo wima humpa mlaji ukuta wa kubania tonge. Ubao wenye misumari miwili isiyoshika kutu, ncha zikiwa juu, hushika embe au kiazi huku mkono mmoja ukikata. Nelson, jemadari wa majini wa Uingereza, alipoteza mkono wa kuume mwaka 1797, naye alikula kwa chombo kilichounganisha kisu na uma. Fundi yeyote wa Kihonda aweza kukitengeneza. Si lazima kungoja vifaa vya ng'ambo. Na machungwa, kwa bahati njema, huuzwa barabarani yakiwa yamekwisha menywa.

Wapo watakaosema kwamba kumlisha mgonjwa ni haraka zaidi na hakuchafui meza. Ni kweli, lakini mkono usiotakiwa kufanya lolote, hata kama umebakiwa na nguvu kidogo, ubongo hujizoeza kuuacha, na baadaye huwa vigumu kuurudisha. Dakika 40 za kula kwa fujo ni mazoezi. Basi anayepita na birika la maji ya kunawa asiuruke mkono uliopooza. Mikono yote miwili ioshwe, kisha ule mgonjwa uwekwe mezani kando ya sahani, mahali ambapo mwenyewe anauona.