Mlio wa masikio: usiuze cherehani kwa ajili ya taa

Ndugu mtumishi, ukirudi nyumbani kutoka shimoni, ukalala, na nyumba nzima ikanyamaza, je, unasikia mlio masikioni? Kama filimbi, kama nyenje, kama hewa inayotoroka katika bomba? Basi maneno haya ni yako. Na wewe mama, kama bwana hapendi kusoma, msomee.

Baba mmoja, mtoboaji wa mawe kwa miaka mingi, alikuja dispansari pamoja na bibi yake. Mume alinyamaza, mke ndiye aliyesema. Walitaka kuuza cherehani ili kumlipa mtu mwenye taa ya laseri, anayeimulika ndani ya sikio na kuahidi kumaliza mlio. Lakini cherehani hiyo ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Niliwaambia: msiuze. Leo nawaeleza na ninyi nyote sababu.

Taa hiyo si uchawi. Ni mwanga mdogo, mwekundu au usioonekana kwa macho, usiochoma wala kukata. Mwaka 1967 muganga Endre Mester, huko Budapest nchini Hungaria, aliona nywele za panya walionyolewa zikiota upesi zaidi baada ya kumulikwa. Tangu hapo watu wameujaribu mwanga huo kwa vidonda, kwa viungo, na kwa masikio pia.

Lakini dawa hupimwa hivi: wagonjwa hugawanywa makundi mawili. Kundi moja humulikwa kweli, la pili huwekewa taa ile ile bila mwanga, na mgonjwa hajui yuko kundi gani. Waganga wa Denmark walifanya hivyo mwaka 1999, na wa Japani mwaka 2002. Waliomulikwa kweli hawakuwashinda wenzao. Yako majaribio mengine yaliyoisifu taa, lakini hayapatani. Ushahidi wa namna hiyo hautoshi kuuza kitu cha nyumbani.

Sababu ni nini? Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya mfupa, kuna chembe zenye vinywele, kama 15,000 kila sikio. Kelele kubwa huziua, na kwa binadamu haziumbiki tena. Ubongo ukikosa sauti uliyoizoea, mara nyingi hujitengenezea yake. Huo ndio mlio.

Utauliza: mbona wako wanaoisifu taa? Katika majaribio, hata wale wa taa isiyowaka wako waliosema wamepata nafuu. Mtu aliketi nao, akawasikiliza, akawauliza kama wanalala usingizi. Hapo nakubali kosa letu sisi wa dispansari. Mara ngapi nimemwambia mgonjwa, «Vumilia, ni kazi,» nikaita mwingine? Mwenye taa alimpa muda, mimi nilimpa dakika mbili. Tusishangae akienda kwake.

Basi njooni, na mdai muda wenu. Tutatazama kama sikio limejaa nta au usaha. Tutapima damu kama inapanda. Tutauliza dawa ulizotumia, maana kinini, aspirini nyingi na sindano za streptomisini zinaweza kuleta mlio. Anayesikia kidogo anaweza kusaidiwa na chombo cha kusikilizia. Anayekosa usingizi aweke redio kwa sauti ya chini, ukimya usimzidishie mlio. Na mazungumzo ya kuufundisha moyo usiogope mlio husaidia watu wengi. Pengine mlio hautakwisha, lakini mzigo wake utapungua.

Ukiwa kiziwi ghafula, njoo siku ile ile, usingoje kesho. Mlio wa sikio moja tu, wenye kizunguzungu, au unaopiga pamoja na moyo, usiufiche nao.

Sasa kuhusu kazi. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 ndiyo mpaka. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda hugawanywa mara mbili: kwa 88 ni saa 4, kwa 100 ni dakika 15 tu. Na mashini ya kutoboa mawe hupita 100! Kwa hiyo vaa bushoni za masikio au kaske ya kelele posti nzima, si pale shefu anapopita tu. Pamba haitoshi. Kama kinga hazipo, ziombe kabla ya kuwasha mashini. Na wewe shefu, ukimwamuru mtu atoboe bila kinga, unamwibia masikio, na hakuna magazini itakayomrudishia.

Cherehani ile ingali inashona. Baba yule sasa anavaa bushoni zake kila posti, na usiku redio yao inasema polepole. Mlio bado upo, lakini amesema analala.

Ndugu, kinga ya leo inashinda taa ya kesho.