Ufa Uliozibwa kwa Saruji

Mwezi Oktoba 2007, sakafu ya ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London, ilionekana imepasuka. Ufa ulianza mwembamba kama unywele, ukapanuka, ukajipinda na kuendelea kwa mita 167. Aliyeinama kuchungulia aliona kuta za zege na wavu wa chuma vikizama gizani, asijue vinaishia wapi. Msanii, Doris Salcedo wa Kolombia, aliiita kazi hiyo Shibboleth.

Watazamaji wengi waliuliza: una kina gani? Umechimbwaje? Baadhi yao walijikwaa, na mjadala ukahamia kwenye usalama wa wageni. Salcedo alikataa kueleza mbinu zake, nami naona alifanya sawa. Lililostahili kuulizwa lilikuwa chanzo cha ufa.

Jina lenyewe lilikuwa na jibu. Katika Waamuzi sura ya 12, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila aliyeshukiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu aliyesema "Sibolethi" aliuawa. Sauti moja ya ulimi ilitosha kumtenga mtu na uhai. Kwa Salcedo, ufa ule ni ubaguzi wa rangi na hali ya mhamiaji anayefika Ulaya.

Wapo wasomi wenzangu wanaoibeza sanaa ya namna hii kuwa ni kiinimacho cha matajiri. Hoja yao ina uzito, maana maonyesho hayo yalifadhiliwa na Unilever. Lakini hapo ndipo kina cha ufa kinapoanza kuonekana. Mwaka 1911, Lever Brothers, kampuni iliyozaa Unilever, ilipewa ardhi kubwa katika Kongo ya Wabelgiji kwa ajili ya mawese, na Wakongo wakalazimishwa kuvuna michikichi. Kituo chake kimoja kikaitwa Leverville; leo ni Lusanga. Waliopima ufa kwa macho hawakufika huko. Kiinimacho kilikuwa katika kuangalia chini wakati jina la mfadhili lilikuwa wazi.

Aprili 2008 onyesho lilifungwa, kisha ufa ukazibwa. Kovu lake bado linaonekana sakafuni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ulaya iliziba ufa wa jumbani na bado inajenga ukuta mipakani. Saruji haikugusa chanzo.

Lusanga kwenyewe, wafanyakazi wa mashamba waliungana mwaka 2014 katika kikundi cha CATPC. Wanatengeneza sanamu, wanaziuza ng'ambo, na kwa mapato hayo wananunua tena ardhi ya mababu zao. Huko ndiko kuziba ufa.

Mwanafunzi, ukisimama mbele ya kazi inayochezea macho yako, uliza pia nani amelipa na kwa fedha ya jasho la nani. Nawe mtumishi wa umma, siku utakapompuuza mwananchi dirishani kwa sababu ya lafudhi yake, ujue umesimama kwenye kivuko cha Yordani, na wewe ndiye mwenye panga.