SHIKAMOO SIO PAA



Masika yaliyopita nyumba ya bibi yetu mmoja ilianguka. Mpaka leo analala barazani pa ghala la Ushirika, juu ya magunia. Wazee wengine wawili wanahama jiko kwa jiko. Sisi tunapita pale kupima mahindi, tunasema "Shikamoo bibi", halafu basi. Shikamoo sio paa!

Mkutanoni tumesikia maneno. Tunayajibu.

La kwanza: ati hiyo ni kazi ya Serikali. Kweli, Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake. Jamii ni nani? Ni wewe unayesoma hapa.

La pili: ati bibi sio wa hapa, katoka Msumbiji. Jamani! Vita vya ukombozi vya kule vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Mto Ruvuma na watoto mgongoni, wakapokelewa Muhukuru na Mputa, mkoa huu huu wetu. Mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru, wengi wakarudi. Yeye akabaki, akalima nasi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alipewa, kalishika miaka 50 na zaidi. Leo mikono imechoka ndio awe mgeni tena?

La tatu linanong'onwa kilabuni: ati macho mekundu, mchawi. Macho mekundu ni moshi wa kuni! Nani kati yetu hakulelewa na mama mwenye macho hayo?

Ushirika nao sio kuuza mahindi tu. Msingi wa 7 wa vyama vya ushirika duniani, uliowekwa mwaka 1995, ni kujali jamii. Chama kinachokata ushuru wa gunia bila kujali jamii ni kupe.

Basi tushirikiane. Kila kaya tofali 20 za kuchoma. Vijana mawe na mchanga. Kanisa na msikiti tunawaomba mbao. Ushirika bati na misumari. Hesabu itabandikwa hapa hapa ukutani, asiwepo wa kusema zimeliwa. Sisi viongozi tumechelewa, tunakubali. Tofali zetu zihesabiwe kwanza.

Jumamosi saa 1 asubuhi, ghalani. Asiyejua kusoma asomewe na jirani. Mvua haingoji mkutano.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji