Tabora yafunza watunza kumbukumbu, zake zasomwa Dar

KILA mwaka vijana kutoka mikoa mbalimbali hufika Tabora kujifunza kazi ya kutunza kumbukumbu. Katika tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania mjini humo, lililotokana na kilichokuwa Chuo cha Uhazili, hufundishwa namna ya kufungua jalada, kulipa namba, kulipanga masijala na kulikinga na mchwa, vumbi na unyevu. Wakihitimu husambaa katika wizara, mikoa na halmashauri, na Serikali huendelea kukumbuka mambo yake kwa mikono yao.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo akitaka kusoma majalada ya zamani ya mji uliompa taaluma hiyo, hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Huko ndiko ziliko nyaraka za iliyokuwa Jimbo la Magharibi, vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza, na majalada yaliyoachwa na utawala wa Wajerumani. Tabora imekuwa shule ya utunzaji wa kumbukumbu, lakini wakazi wake hawana pa kuzisomea zile zinazowahusu wenyewe.

Hali hiyo inaibua swali zito kuhusu kazi ya Nyaraka za Taifa. Je, ni ghala la kuhifadhia karatasi, au ni chombo cha kumfundisha raia alikotoka, nani aliamua mambo yake na kwa nini?

Sheria inasema nini

Nyaraka za Taifa zilianza mwaka 1963 kwa waraka wa Rais, na miaka miwili baadaye zikapewa nguvu kwa sheria ya Bunge. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 iliunganisha kazi mbili zilizokuwa zimetengana: kusimamia masijala za ofisi zinazofanya kazi leo na kuhifadhi nyaraka za kale. Idara inayohusika ipo chini ya Ofisi ya Rais. Ndiyo pia iliyokabidhiwa usimamizi wa sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi waasisi wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume.

Jambo ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni kwamba sheria ya 2002 inaweka muda wa miaka 30. Nyaraka ya umma ikitimiza umri huo, kanuni ya jumla ni kwamba inafunguliwa kwa msomaji, isipokuwa zile zinazozuiwa kwa sababu maalumu. Kwa hesabu hiyo, muda huo umekwishapita kwa majalada ya mwaka 1992, Taifa liliporejea katika mfumo wa vyama vingi. Ikiongezwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ni dhahiri kwamba kusoma kumbukumbu za Serikali si hisani anayofanyiwa mtafiti, bali ni haki ya raia.

Tatizo ni kwamba haki isiyofikika ni sawa na maji ya kisima kisicho na kamba. Idara ina chumba cha kusomea kwa watafiti, na hujitokeza katika maonyesho kama ya Sabasaba na Wiki ya Utumishi wa Umma. Majalada yake ya Kijerumani yaliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, heshima ambayo mataifa mengi yanaitamani. Lakini huduma hizo zinamfaa zaidi anayejua anachotafuta na mwenye nauli ya kukifuata. Mwalimu wa sekondari wa Urambo au Sikonge hayumo katika hesabu hiyo.

Kwa nini Tabora

Ukitafutwa mji wa bara ambao historia yake inaweza kumfundisha Mtanzania uraia, ni vigumu kuupita Tabora. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ni mojawapo ya vituo vyake.

Kwihara kuna tembe lililojengwa upya, ambalo limekuwa makumbusho na linajulikana kwa jina la David Livingstone. Mmishonari huyo alikaa hapo mwaka 1872, kwanza pamoja na Henry Stanley, kisha peke yake hadi Agosti. Alipofariki mwaka uliofuata katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake, wakiwamo Susi na Chuma, waliubeba mwili wake wakapita nao Tabora na kuufikisha pwani Februari 1874. Waliofanya safari hiyo ya ajabu walikuwa Waafrika. Jina lililobaki juu ya mlango ni la aliyebebwa.

Mgeni anayelitembelea tembe hilo huweza kuondoka akidhani kila mtu aliyepita njia hiyo alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Ukweli una pande mbili. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na ukatili wake haupaswi kupunguzwa. Lakini maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliobeba pembe za ndovu, nguo za merikani na shanga kwa ujira waliopatana, na waliojua kuitua mizigo mapatano yakivunjwa. Wazee wao ni wazee wa wafanyakazi wa nchi hii. Somo la haki na wajibu wa mfanyakazi lingeweza kuanzia kwao.

Upo pia upotofu wa tarehe. Watu wengi huamini kwamba utumwa ulikwisha mwaka 1873, Sultani Barghash alipokubali kufunga soko la Zanzibar. Katika bara hali haikuwa hivyo. Wajerumani hawakuufuta moja kwa moja. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, na amri yao iliwafanya huru watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya Desemba 31, 1905. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Miaka 49 imefichwa katika sentensi moja ya kitabu cha shule, na ni nyaraka zinazoweza kuifichua.

Kusoma kwa jicho la raia

Mafunzo ya uraia yanayotokana na nyaraka hayana maana ya kukariri tarehe. Maana yake ni kujifunza kuuliza: nani aliandika, alitaka nini, na nani hakupewa nafasi ya kusema?

Mfano mzuri ni Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893, alipoona ngome yake imezidiwa na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Tom von Prince, aliilipua baruti yake kuliko kukubali kutekwa. Taarifa rasmi za tukio hilo ziliandikwa na walioshinda. Mwanafunzi akiiweka taarifa ya namna hiyo kando ya masimulizi ya ukoo na ya wazee wa Unyanyembe, atajifunza kuisoma taarifa yoyote ya mkubwa kwa tahadhari. Huo ni ustadi utakaomfaa hata siku ya kampeni za uchaguzi.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1916. Vita Kuu ilipopamba moto, Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Tabora, na katika karakana ya reli ya mji huo zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Septemba mwaka huo askari wa Kongo ya Wabelgiji waliuteka mji. Kwa kipindi kifupi Tabora ilikuwa makao ya utawala wa nchi, jambo ambalo si ajabu kukuta kijana wa mji huo halijui.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la Januari 1958. TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja, huku haki ya kupiga kura ikifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Wajumbe wengi waliona masharti hayo ni matusi na walitaka chama kisusie. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora tangu 1937 na kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria baada ya Makerere, aliwashawishi wakubali kuingia. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama cha African National Congress. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda katika uchaguzi wa 1958 na 1959, na njia ya Uhuru ikafunguka.

Tukio hilo limeingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Hata hivyo, jina hilo lina hatari yake. Linamfanya msomaji aone kwamba jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo, na waliopinga walikosa busara. Walioketi katika mkutano ule hawakujua matokeo. Kijana akipewa hoja za pande zote mbili na kuambiwa aamue kabla hajaonyeshwa kilichotokea, ataonja demokrasia ilivyo: watu wenye nia njema kutofautiana juu ya jambo zito na bado kufikia uamuzi.

Vikwazo na hofu

Wapo watakaosema nchi yenye upungufu wa madarasa haina fedha za kusafirisha historia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihusu nakala. Hakuna anayetaka karatasi za mwaka 1900 zitolewe chumba chenye ulinzi zikafe kwa vumbi. Kinachohitajika ni nakala safi za hati chache zilizochaguliwa vyema, kwa shule, maktaba ya mkoa na makumbusho ya Kwihara.

Kikwazo kigumu zaidi ni lugha. Majalada ya Wajerumani yameandikwa kwa lugha ambayo walimu wachache wanaijua, mengine kwa mwandiko wa kale unaowashinda hata Wajerumani wa leo. Ya Waingereza ni ya Kiingereza cha maofisa. Kwa hiyo programu yoyote isiyo na watafsiri itabaki ya wasomi. Fursa imekwishajitokeza: mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Somo hilo linahitaji hati za Kiswahili kama jiko linavyohitaji kuni.

Ipo pia hofu isiyosemwa wazi. Nyaraka za utumwa zina majina ya watu, na wajukuu wao wapo. Nyaraka za watemi zinakumbusha utawala wa jadi ambao Serikali iliufuta mwaka 1963, wakati Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa ameshakuwa waziri katika Baraza la kwanza la nchi huru. Idara ya Serikali inaweza kushawishika kuonyesha tu yale yanayopendeza. Dawa yake ni kuchagua hati pamoja na walimu, wazee na wanahistoria, na kuweka hoja ya mpinzani kando ya hoja ya mshindi. Kwa upande wa 1958, kumbukumbu za serikali ya kikoloni ni za Taifa, lakini za TANU zimerithiwa na CCM, hivyo ushirikiano wa pande hizo mbili hauepukiki.

Mifano ipo. Nairobi, Nyaraka za Taifa za Kenya zimo katika jengo la iliyokuwa benki, katikati ya mji, na ghorofa ya chini ina mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi. Mpita njia anaweza kuingia kwa kiingilio akatoka amejua kitu. Marekani, kati ya Septemba 1947 na Januari 1949, treni maalumu ilizunguka majimbo yote 48 ya wakati huo ikiwa na hati muhimu za nchi. Waandaaji walikataa kuonyesha hati hizo kwa watu waliotenganishwa kwa rangi, na miji iliyong'ang'ania ubaguzi, kama Birmingham na Memphis, ikakosa ziara hiyo. Hati za haki zikawa mtihani wa haki.

Tanzania nayo ina reli. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa inafuata mkondo wa misafara ya kale. Behewa moja lenye nakala na maelezo ya Kiswahili lingeweza kusimama Morogoro, Dodoma, Tabora na Kigoma, likipokewa na wanafunzi wa chuo kile kile kinachofundisha utunzaji wa kumbukumbu.

Januari 2028 itatimia miaka 70 tangu mkutano wa Tabora. Bila shaka zitatolewa hotuba. Lakini heshima inayostahili tukio hilo ni mwanafunzi wa Tabora kushika mkononi nakala ya waraka wa siku zile, akausoma kwa lugha anayoielewa, kisha akasema kama naye angeunga mkono au angepinga.