Klachi Si Pambo

Mtu aliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu huzoea kukasirishwa na mambo madogo. Nukta iliyosahauliwa, chaki iliyotupwa sakafuni, kengele iliyochelewa. Leo jambo dogo linalonikasirisha ni klachi ya pikipiki, na naomba univumilie hadi mwisho, kwani nina deni katika habari hii.

Vijana wengi wa bodaboda hapa Rwamishenye wamezuka na mtindo wa kushusha gia bila kushika klachi. Kijana anateremka mlima, abiria nyuma, mkungu wa ndizi juu ya tangi, mguu unagonga tu: nne, tatu, mbili. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni klachi, umeshika simu. Ukimuuliza atakuambia huo ni ufundi, na katika simu hiyo hiyo atakuonyesha pikipiki za mashindano za Ulaya, Ducati na BMW, wapanda pikipiki wakibadili gia bila kugusa klachi.

Nami nasema huo si ufundi. Huko ni kunakili majibu ya mtu aliyepewa mtihani mwingine.

Zile pikipiki za Ulaya zina kifaa kwenye fimbo ya gia kinachohisi msukumo wa mguu. Dereva akipandisha gia, kompyuta inakata nguvu ya injini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili meno ya gia yaachiane. Akishusha, kompyuta hiyo inapiga resi kidogo yenyewe ili mzunguko wa injini ulingane na gia ya chini. Na hata hizo, pamoja na bei yake, zina masharti. Ukishusha gia huku ungali unavuta mafuta, au injini ikizunguka polepole mno, hugutuka, na pengine gia ikakwama katikati ya gia mbili bila kushika yoyote. Sasa Boxer ya kijana wetu ina kabureta na waya unaovutwa na mkono wake mwenyewe. Nani atampigia resi? Malaika?

Katika pikipiki nyingi, ukitoka gia ya nne kwenda ya pili kwa mwendo ule ule, injini inatakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa zaidi kuliko ilivyokuwa. Kama hukuiongezea mzunguko kwa mafuta, itauchukua kutoka kwenye tairi la nyuma kwa njia ya cheni. Tairi linazuiwa ghafla. Kwenye lami kavu litalia na kurukaruka. Kwenye lami ya Bukoba, ambako mvua haituombi ruhusa, litateleza upande. Klachi iliwekwa ili mshtuko huo upite polepole.

Wapo wazee wenzangu wanaowatetea. Husema, "Mbona Honda zetu za zamani hazikuwa na klachi, na tulizipanda?" Hapana, waheshimiwa. Zilikuwa nayo; hazikuwa na mkono wa klachi tu. Ulipokanyaga gia, mguu huo huo ulitangulia kuiachia klachi iliyo ndani. Anayekumbuka vizuri atakumbuka pia kwamba tulishikilia kwanza, tukavuta mafuta kidogo, ndipo tukaachia taratibu. Asiyefanya hivyo pikipiki ilimsukuma mbele kwa kishindo. Tulifanya kwa mguu kile wanachokataa kukifanya kwa mkono.

Sasa nije kwenye deni langu. Nilipostaafu nilinunua pikipiki nikampa kijana wa jirani, kwa mkataba wa kuniletea hesabu kila Jumamosi. Nilimuuliza kama ana leseni, akasema anayo. Nilimuuliza kama anajua kuendesha, akacheka. Mimi, niliyewahi kumrudisha mwanachuo darasani kwa sababu hakuandaa azimio la somo, nilimkabidhi kijana huyo funguo na abiria wa watu kwa sababu ya kicheko. Asubuhi moja ya masika akirudi kutoka Maruku alishusha gia mbili kwa mguu mtupu mteremkoni. Tairi la nyuma likakataa. Yeye alichubuka. Mama aliyekuwa nyuma yake alivunjika mguu mahali pawili, na mpaka leo anakwenda shambani kwa fimbo. Nilipokwenda kumwona kijana aliniambia, "Waitu Mwalimu, hakuna aliyewahi kunionyesha." Sikuwa na jibu, na hesabu ya wiki ile ilikuwa imo mfukoni mwangu.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaomtupia mzigo wote kijana, wala na wale wanaodhani kofia ngumu na faini vinatosha. Tangu kanuni za mwaka 2010 za pikipiki za biashara, SUMATRA imeondoka, ikaja LATRA mwaka 2019, na kila mara nasikia habari za leseni, kofia na idadi ya abiria. Ni mambo mema. Lakini kofia ngumu haizuii tairi kuteleza, wala trafiki aliyesimama barabarani haoni mkono ulioacha klachi nusu kilomita nyuma. Mwenye kuweza kuuliza ni mwenye pikipiki, kabla ya kutoa funguo. Na wenye pikipiki ni akina nani? Ni walimu, wauguzi, makarani, wastaafu kama mimi, tunaoketi barazani tukisubiri Jumamosi.

Pikipiki ile ilitengenezwa. Kijana ameirudia, ila kabla sijampa funguo tulikwenda naye uwanjani asubuhi nne mfululizo: kamata klachi, piga resi kidogo, shusha gia moja, achia taratibu. Siku ya kwanza alinung'unika kwamba wenzake kijiweni watamcheka. Siku ya nne wawili kati ya hao wenzake walikuja na pikipiki zao. Nimewaambia warudi na wenye pikipiki hizo. Mpaka ninapoandika, amekuja mmoja.