Mtutu mdogo una wenyewe, siyo wa kujifunzia

MECHI ya Sokoine ilikuwa imeisha, ripoti nimeshatuma, na mbele yangu ilibaki safari ya Mbeya kwenda Iringa. Tuliposimama Makambako kula, nilitegemea kukuta ubishi wa kila wiki: mwamuzi, penalti, na nani anashuka daraja.

Siku hiyo mezani kulikuwa na jambo jingine. Baba mmoja, mkulima wa mahindi, alisema anafuatilia kibali cha bunduki na anataka shotgun ya mtutu mdogo, ile ya .410. Alikuwa na sababu zake. Ni nyepesi, haipigi bega, na mkewe ataweza kuitumia akibaki peke yake nyumbani. Halafu kanga wakishuka shambani, kitoweo kipo.

Mzee aliyekaa pembeni akacheka. "Mwanangu, hiyo ni ya kutishia kunguru. Nguruwe pori ataondoka na gololi zako mwilini, kesho yake anakusubiri kwenye majani."

Meza ikagawanyika kama Simba na Yanga. Mimi naandika mpira, lakini shabaha nayo ni mchezo, tena imo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya mwaka 1896. Kwa hiyo ubishi huu ni wa ukurasa huu, na mimi nina upande wangu.

Twende taratibu. Shotgun hupimwa kwa geji. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe kwenye gololi 12 zinazolingana. Gololi moja kati ya hizo ndiyo upana wa mtutu wa geji 12. Ukigawa mara 20 unapata geji 20, mtutu mwembamba zaidi. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua. Hiyo .410 imekaa nje ya mstari huo. Inapimwa kwa inchi, na upana wake ni kama milimita 10 tu, wakati geji 12 inafika milimita 18 na ushee.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani mtutu mdogo unatoa marisao, yaani zile gololi ndogo, yasiyo na nguvu. Siyo kweli. Gololi ya saizi moja ikitoka kwenye .410 au kwenye geji 12 inaruka kwa kasi inayokaribiana na inaumiza vilevile. Tofauti ni idadi. Risasi ya kawaida ya geji 12 inabeba kama gramu 28 mpaka 32 za marisao. Ile fupi ya .410 inabeba kama gramu 14. Ni nusu, au chini ya nusu.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba wingu la marisao lina matundu. Kwale akiwa hatua 20 anaanguka. Akiwa hatua 40 anaweza kupita katikati ya matundu hayo, au akapata gololi moja na kwenda kufia kichakani, hasara kwako na mateso kwake.

Kwa mpira ni hivi: bunduki ndogo haipunguzi ukali wa shuti, inapunguza upana wa goli. Mshambuliaji mzuri bado atafunga. Anayejifunza atapiga nje siku nzima.

Na wanaocheza mchezo huu wanalijua hilo. Kwenye Olimpiki, mashindano ya kulenga visahani vya udongo huchezwa kwa geji 12, na hao ndio mabingwa wa dunia. Marekani wana mashindano ya visahani yaliyogawanywa kwa ukubwa wa mitutu, na darasa la .410 ndilo linaloogopwa kwa ugumu. Kwa hiyo kusema .410 ni ya mwanafunzi kwa sababu haipigi bega ni kuangalia bega na kusahau shabaha. Anayeanza kujifunza, geji 20 inamfaa zaidi: nayo ni nyepesi, lakini marisao yake yanatosha.

Kuhusu nguruwe, mzee alikuwa sahihi kabisa. Marisao ya ndege siyo ya mnyama mwenye ngozi nene, yawe ya mtutu mdogo au mkubwa. Na kabla hujafika huko, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni ya kuwinda. Kumiliki bunduki hakukupi ruhusa ya kuingia porini.

Tuje kwenye kujilinda, maana hapo ndipo palipo na roho za watu.

Umbali wa chumba, .410 inaua. Asikudanganye mtu kwamba ni ya kutishia. Lakini ile imani ya kitaa kwamba shotgun haikosi ni uongo mkubwa zaidi. Kwa mita nne au tano marisao bado yamekusanyika, kundi lake halizidi kiganja. Lazima ulenge. Gizani, mikono inatetemeka, watoto wako chumba cha pili, na mtu aliye mlangoni huenda ni shemeji aliyechelewa basi. Na sheria yetu inataka nguvu unayotumia ilingane na hatari uliyonayo. Hilo hutalifikiria vizuri kwa sekunde mbili kama hujawahi kufanya mazoezi.

Iringa wanajua risasi inafanya nini. Siku ya Krismasi mwaka 1971, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi aligombana shambani kwake na Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu. Ugomvi ukaishia kwenye bunduki. Kleruu akafa, Mwamwindi akaubeba mwili kwenye gari mpaka polisi Iringa, na mwisho akanyongwa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hadithi hiyo nimeisikia kila ninapokwenda Samora kuripoti mechi. Hakuna anayeniambia mtutu ulikuwa na upana gani. Wananiambia hasira ilikuwepo na bunduki ilikuwa karibu.

Ndiyo maana naona mjadala wa saizi ya mtutu tunauanzia mwisho. Kwa miaka yangu ya kuzunguka Mbeya na Iringa nimetumwa kwenye mpira, riadha, ngumi, hata bonanza la kuvuta kamba. Sijawahi hata mara moja kutumwa kwenye shindano la shabaha. Mtu anapata kibali, ananunua silaha, anaifungia kabatini, na risasi ya pili anaipiga siku ya hatari.

Mchezaji asiyefanya mazoezi hapangwi. Wadau wa michezo wa mikoa hii miwili wakae na polisi, litafutwe eneo salama, wenye vibali wapige visahani mbele ya mwalimu angalau mara chache kwa mwaka. Tutapata mchezo mpya, na huenda tukapunguza misiba.

Tulipokuwa tunanawa mikono, yule baba aliniuliza: "Sasa kijana, ninunue ipi?"

Nikamwambia, "Baba, niambie kwanza utafanyia wapi mazoezi."

Hakuwa na jibu. Hata mimi sikuwa nalo.