Uzamili wa Mawasiliano Ughaibuni Unampeleka Wapi Mwanahabari?

Mwandishi wa habari wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayekwenda Uingereza kusomea shahada ya uzamili ya mawasiliano huondoka akiwa mwandishi, na mara nyingi hurudi kufanya kazi nyingine. Akirejea kwenye chumba cha habari, huwa ni kwa muda tu. Baadaye huonekana kwenye idara ya mawasiliano ya benki, wizarani, kwenye shirika la Umoja wa Mataifa, au mbele ya darasa la chuo kikuu. Katika yote ambayo masomo hayo humfanyia mtu kazini, hilo ndilo kubwa zaidi, na vipeperushi vya vyuo havina desturi ya kulitaja.

Sababu imo ndani ya masomo yenyewe. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida huchukua mwaka mmoja: mihula miwili ya mihadhara na semina, kisha kiangazi kizima cha kuandika tasnifu. Chuo Kikuu cha Cardiff, ambacho kilianza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1970, kina kozi za vitendo za kuripoti na kuhariri. Lakini kozi zinazobeba hasa jina la mawasiliano, za Leicester, Leeds au Westminster, zina shughuli tofauti. Humtaka mwanafunzi aulize habari imetoka wapi, nani kaipa uzito, na nani kaielewa vipi. Humo hukutana na utafiti wa McCombs na Shaw wa mwaka 1972 kuhusu namna vyombo vya habari vinavyowapangia watu mambo ya kuyafikiria, na hoja ya Stuart Hall ya mwaka 1973 kwamba mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe, kuupinga, au kuuchukua nusu. Aliyezoea kukimbizana na saa ya kufunga ukurasa hutakiwa sasa kukaa na ukurasa mmoja wiki nzima. Wengine huona ni anasa. Wengine hawatamani tena kurudi kwenye mbio zile.

Faida halisi huonekana kwenye tasnifu. Chukua mada inayopendwa: jinsi magazeti ya Kiswahili yalivyoandika kuhusu mlipuko wa kipindupindu. Mwanafunzi hukusanya habari za miezi mitatu, hufungua jedwali, na kila habari hupewa mstari wake: tarehe, ukurasa, nani kanukuliwa kwanza, mwananchi wa kawaida kapewa sentensi ngapi. Kabla jedwali halijafika nusu, safu ya wanaonukuliwa inaweza kuwa imeanza kujirudia: waziri, mkuu wa mkoa, mganga mkuu, waziri tena. Mgonjwa hana jina wala kauli. Kwa mtu aliyewahi kuandika habari za namna hiyo kwa miaka, somo hilo halihitaji mhadhiri.

Ujuzi wa jedwali hilo ndio unaolipiwa nje ya magazeti. Shirika linaloendesha kampeni ya chanjo linamtaka mtu wa kueleza ujumbe umewafikia akina nani, umeeleweka vipi, na kwa nini kijiji fulani hakikujitokeza. Chumba cha habari kingeweza kuutumia ujuzi huohuo, ila mara nyingi hakina meza yake wala fungu lake la mshahara.

Masharti ya ufadhili nayo huamua mengi. Chevening, mpango wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, na akimaliza arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Sharti la kwanza lina busara kuliko linavyosifiwa, maana anayetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hana kazi ya kuzipimia nadharia anazosoma. Anayejilipia ana mahesabu mengine. Viza ya wahitimu, ilipofunguliwa Julai 2021, iliwapa wenye uzamili miaka miwili ya kutafuta ajira Uingereza, lakini mwenye deni la ada huweza kuimaliza katika kazi isiyogusa mawasiliano hata kidogo.

Nyumbani, karatasi nazo zina safari yake. Shahada ya nje hupelekwa kutambuliwa, Tanzania kwa Tume ya Vyuo Vikuu, Kenya kwa Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa anayetaka kufundisha, uzamili humfikisha kwenye uhadhiri msaidizi. Kupanda zaidi ya hapo kunadai uzamivu. Kingine kinachohitaji kurekebishwa ni mbinu alizorudi nazo. Mfano uliojengwa juu ya mitandao ya kijamii ya Ulaya hausemi mengi kuhusu msikilizaji wa redio ya jamii, na mhitimu makini huanza upya kwa kuwauliza wasikilizaji wenyewe.

Kwa hiyo lawama kwamba wasomi wanavikimbia vyumba vya habari inapaswa kuwafikia waajiri kwanza. Mwandishi huombewa likizo ya masomo, hupewa barua ya kuungwa mkono, na barua hiyo hutaja tarehe ya kuripoti kazini. Kazi mpya atakayopewa siku hiyo haimo: utafiti wa wasomaji, uhariri wa habari za takwimu, au mafunzo ya waandishi wachanga. Akirudishwa kwenye dawati lilelile kwa mshahara uleule, ofa ya kwanza kutoka shirika la nje haitamsumbua kuijibu.